Kwao Ukuta, Kwetu Migomba

Kabla hujagombana tena na mwenzako kuhusu geti, panda naye basi la Mbeya. Huenda ugomvi wenu una umri mkubwa kuliko ninyi wawili.

Ukimtajia mtu "ustaarabu wa kale", akili yake inakimbilia Misri moja kwa moja. Mapiramidi, Firauni, mto Naili na mchanga usio na mwisho. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na sio uongo. Sahara yenyewe ilikuwa na nyasi, maziwa na viboko mpaka kama miaka 5,000 iliyopita. Mvua zilipokata, watu walisogea taratibu kuelekea bonde la Naili, ambako maji yalikuwa ya uhakika. Wakabanana pale. Na watu wakibanana kwenye maji, lazima apatikane wa kugawa, wa kuhesabu magunia na wa kuandika nani anamdai nani. Jangwa likawazunguka kama ukuta: adui alipata tabu kuwafikia, na wao walipata tabu kuondoka. Nchi yao waliiita Kemet, nchi nyeusi, kwa sababu ya tope la mto. Kule kwenye mchanga wakakuita nchi nyekundu.

Sasa swali langu kwako msomaji: hivi jambo hili linahitaji tiketi ya ndege ya Cairo ndio ulione? Mimi nasema hapana. Nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, kata tiketi ya Mbeya, omba siti ya dirishani. Halafu usilale.

Mimi nilikwenda na mchumba wangu. Yeye ni Mhehe wa Iringa, mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, wote tunatafutia maisha Dar. Posa imepokelewa, mahari imezungumzwa, ilibaki kutambulishwa kwa wazee wa pande zote mbili. Ila tulikuwa na la kwetu pia. Tuna kiwanja Kibaha na akiba inayotosha kuanza jambo moja tu kwa mwaka. Mwenzangu anataka ukuta na geti kwanza, nyumba itafuata. Mimi nataka nyumba kwanza, tena yenye baraza pana mbele, huo ukuta utajijua. Wenye viwanja mnaelewa kwamba hili sio suala dogo. Ilifika mahali tukianza kuongelea kiwanja, mmoja anakata simu. Rafiki yangu mmoja akaniuliza kama kweli tunaoana au tunagawana mali.

Kwa hiyo safari ilikuwa na utambulisho mkononi na ugomvi mfukoni.

Kitonga, joto linapoishia

Ukishaiacha Mikumi unaingia bonde la mibuyu. Mbuyu haujali raha, bwana. Unaota penye joto na ukame, na shina lake lile nene ni tangi la maji. Ruaha Mbuyuni tulishuka kununua vitunguu huku jasho likitutoka, mto Ruaha Mkuu ukipita pembeni kana kwamba hauhusiki na lile joto.

Halafu unaanza mlima Kitonga. Barabara inajikunja, malori ya Zambia na Kongo yanatambaa kama konokono, na masikio yanaziba. Huku chini mibuyu, kule juu upepo wa baridi na watu wanatoa majaketi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni kama umepanda kutoka sakafuni kwenda juu ya meza. Mwenzangu, ambaye njia nzima alikuwa kimya na simu yake, akafungua dirisha akavuta pumzi. "Huku ndio kwetu," akasema. "Mtu hawezi kuja kwetu bila kupanda."

Sikujibu, lakini neno lile lilinikaa. Misri ililindwa na mchanga, Uhehe ulilindwa na ukingo wa meza.

Kabla hujafika mjini utapita Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, safu ya jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ilikuwa inapita kwenye njia nyembamba ya vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamejilaza pembeni na mikuki yao. Kwa muda mfupi tu Zelewski na sehemu kubwa ya askari wake wakawa wamelala pale milele. Wahehe nao walipoteza wengi. Bunduki za kisasa na mizinga havikufua dafu, kwa sababu ardhi haikumpa mgeni nafasi ya kuvipanga. Waliomshinda Nyundo siku ile walikuwa wawili: Wahehe na nchi yao.

Bwawa lililokufa na shanga zilizobaki

Asubuhi yake tulikwenda Isimila, kama kilometa 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Watu wengi wanakwenda kwa ajili ya picha, na kweli zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua zinapendeza mno jua likiwa bado changa. Lakini hazina yenyewe iko chini, miguuni mwako: mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale, mengine makubwa kuliko kiganja cha mwanaume. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini aliyaona na kuokota machache, na mwaka 1957 na 1958 timu ya mwanaakiolojia Mmarekani Clark Howell ikachimba. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1972 viliyapa umri wa takriban miaka 260,000.

Kwa nini hapa? Jibu ni lilelile la Naili. Pale palikuwa na bwawa. Wamekuta mpaka mifupa ya aina ya kiboko aliyetoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa. Wanyama walikuja kunywa, watu wakawafuata wanyama. Bwawa lilipokufa, watu wakahama na kuacha vyombo vyao chini kama wapangaji waliofukuzwa usiku.

Na ukame uliwahi kuja kweli, tena sio mchezo. Mwaka 2005 wanasayansi walitoboa sakafu ya Ziwa Nyasa na kutoa matope ya maelfu ya miaka. Matope yakaonyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi ambavyo kina cha ziwa kilishuka kwa mita 600 hivi, na nchi ya jirani ikawa nusu jangwa. Ziwa lile unalolijua, ambalo leo kina chake kinafika kama mita 700! Wapo wataalamu, akiwemo Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wanaopendekeza kwamba nyanda hizi za Iringa zilikuwa kimbilio. Kule chini kukikauka, huku juu palibaki na mvua, miti na mapango ya kujihifadhi. Ndio maana wamekuwa wakichimba kwenye mapango ya Magubike na Mlambalasi.

Magubike ndiko walikokuta shanga ndogo za maganda ya mayai ya mbuni. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini. Kama miaka 50,000 iliyopita watu wa pande hizi mbili, waliotengwa na maelfu ya kilometa, walikuwa wakitengeneza shanga za mtindo mmoja, ishara kwamba walikuwa na mawasiliano. Kisha, kama miaka 33,000 iliyopita, mtindo ukaachana. Watafiti wanahusisha na kubadilika kwa mvua katika eneo la bonde la Zambezi lililokuwa katikati yao.

Fikiria hilo, wewe uliye kwenye uhusiano wa mbali. Mapenzi ya masafa marefu yalikuwepo kabla ya simu, na yalivunjwa na hali ya hewa.

Kwao: nchi iliyojenga ukuta

Jina la Iringa linatokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Yaani mji mzima unaitwa ukuta! Niliposikia hivyo nilimgeukia mwenzangu, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Kalenga, kama kilometa 15 kutoka mjini, ndiyo iliyokuwa ngome yenyewe, kando ya mto Ruaha Mdogo. Kabla ya hapo Wahehe walikuwa watawala wadogo wadogo wengi, kila mmoja na kilima chake. Katikati ya karne ya 19 Munyigumba akawaunganisha, na mwanawe Mkwawa akajenga ukuta mkubwa kuzunguka makao yake. Mizinga ya Wajerumani iliuangusha tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akaponyoka na kupigana porini karibu miaka 4, mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilitajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Leo unaliona kwenye makumbusho ya Kalenga, na kaburi liko kulekule Mlambalasi. Ukisimama mbele ya lile sanduku la kioo unapunguza sauti bila kuambiwa.

Lakini kwa nini ukuta? Angalia nchi. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili hivi, na miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Uwanda uko wazi, ng'ombe wako wanaonekana kutoka mbali. Na mali yenye miguu inaswagwa usiku mmoja tu. Wangoni, waliovuka Zambezi mwaka 1835, walikuwa wameingia na mbinu mpya za vita. Wasangu wakajifunza kwao, Wahehe wakajifunza kwa Wasangu. Katika nchi ya namna hiyo, asiye na jeshi na ukuta hana ng'ombe, na asiye na ng'ombe hana mahari, kwa hiyo hana hata mke. Sio ukorofi, ni hesabu.

Jioni, baada ya utambulisho na ulanzi kidogo wa kuchangamsha baraza, nilimsalimia baba mkwe mtarajiwa kwa "Kamwene" yangu ya kujifunzia. Akafurahi sana. Nikaona huo ndio muda, nikamuuliza kuhusu ukuta. Hakucheka. "Mwanangu," akasema, "mtu akikujengea ukuta hakufungii. Anakwambia kwamba kilichomo ndani kina thamani." Mama mkwe akaguna, akaongeza kwamba na yeye alisubiri jiko miaka 6 ukuta ukikamilika. Ikabidi wote tucheke.

Usangu, meza inapobonyea

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Unapita misitu ya misonobari ya Sao Hill kule Mafinga, unapita Makambako yenye upepo wake, kisha barabara inashuka na joto linarudi. Hapo umeingia Usangu: Igawa, Chimala, Igurusi. Kulia kwako tambarare inakwenda hadi macho yachoke, kushoto kuna milima iliyosimama kama ukuta wa jengo. Hili ni tawi la Bonde la Ufa. Mbeya imekaa pale matawi matatu ya bonde hilo yanapokutana: la Rukwa, la Nyasa na hili la Usangu.

Tambarare hii ilikuwa ya watawala walioitwa Merere. Nyasi nyingi, maji ya mito kutoka milimani, ng'ombe wengi. Lakini tambarare ina tatizo moja: kila mtu anakuona. Wahehe walipopata nguvu, Merere alilazimika kuhama na watu wake kwenda magharibi, karibu na Mbeya ya leo, na hawakurudi mpaka miaka ya 1890, Wajerumani walipokuwa wakipambana na Mkwawa. Nchi ileile iliyomtajirisha Merere ndiyo iliyomwacha bila pa kujificha.

Kwetu: nchi iliyokwisha kuzungushiwa ukuta

Ukifika Uyole unakata kushoto kwenda Tukuyu, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuongea bila kupumua. Jamani, ule ukijani! Chai, parachichi, migomba juu ya migomba. Kuna sehemu za Rungwe zinazopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ile ya Iringa mjini. Na udongo wenyewe ni zawadi ya moto. Mlima Rungwe, wenye mita karibu 2,960, ni volkano. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya shimo la volkano. Na mlima Kiejo ulimwaga lava mara ya mwisho kama mwaka 1800 hivi. Majivu ya volkano yakipata mvua, hata fimbo ya kutembelea unaogopa kuichomeka chini, itachipua.

Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 akaisifu nchi hii kupita kiasi. Simlaumu.

Wanyakyusa wa zamani hawakuwa na Mkwawa wao. Walikuwa na watawala wadogo wengi, na kwa desturi kila kizazi utawala uligawanywa kwa watoto wawili wa kiume. Lwembe wa Lubaga aliheshimiwa na wote, lakini kama kuhani wa mvua na rutuba, sio amiri jeshi. Na walikuwa na jambo ambalo sijalisikia kwingine. Mvulana akifika miaka 10 au 11 alitoka kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika moja kujenga vibanda vyao. Kula waliendelea kula kwa mama zao, tena kwa zamu, kundi zima. Wakikua wanaoa na kubaki palepale, kijiji cha marafiki maisha yote. Wazee walisema ilisaidia kutunza heshima kati ya mkwe na baba mkwe, ambao hawakutakiwa hata kukutana njiani. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi huku miaka ya 1930, na katika kitabu chake cha mwaka 1951 Monica alieleza neno lililobeba maisha hayo yote: ukwangala, yaani raha ya kukaa na watu.

Kwa nini kwetu marafiki na kwao ukuta? Mgomba huwezi kuuswaga. Ng'ombe tulikuwa nao, tena wengi, lakini chakula kikuu kilikuwa kimesimama ardhini mwaka mzima. Halafu angalia ramani: mashariki milima ya Livingstone, kaskazini milima ya Uporoto, kusini ziwa. Ukuta ulikuwepo! Ila sisi tulikuta umeshajengwa, tukabaki na muda wa baraza.

Bibi yangu, baada ya "Ugonile" nyingi na sahani ya ndizi iliyotosha watu wanane, alielezwa ugomvi wetu. Akamwangalia mjukuu mkwe wake kwa huruma ya kweli. "Ukuta? Sasa jirani akiishiwa chumvi apige hodi wapi?"

Mwenzangu, na hapa nampa maua yake, akajibu kwa heshima: "Bibi, shikamoo tena. Atapiga getini."

Sio damu, ni mahali

Hapa najua wapo watakaosema, si ndio nilisema, kabila fulani liko hivi na kabila fulani liko vile. Subiri kwanza. Shuka mpaka Kyela, uangalie ng'ambo ya mto Songwe. Kule ni Malawi, eneo la Karonga, na wenyeji wake ni Wangonde. Lugha yao na yetu ni ndugu, wanaelewana vizuri tu. Asili za watawala wao zinafanana na zetu. Lakini wao walikuwa na mfalme mkubwa, Kyungu, mwenye makao kwenye kilima cha Mbande. Damu moja, siasa mbili!

Godfrey Wilson alieleza sababu mwaka 1939. Ngonde ilikuwa wazi kwa biashara ya pembe za ndovu iliyovuka ziwa kuelekea pwani. Aliyesimamia pembe alipata nguo, aliyepata nguo aliwagawia wakubwa, na aliyewagawia wakubwa akawa mfalme wao. Wanyakyusa, waliofungwa na milima, hawakuwa kwenye njia hiyo. Kwa hiyo tungezaliwa ng'ambo ya Songwe, huenda na sisi tungekuwa na Kyungu wetu na ukuta wetu.

Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Kile tunachokiita "tabia ya watu wa kwenu" mara nyingi ni dawa ya tatizo fulani la zamani. Tatizo limeshaondoka, dawa imebaki kabatini, na watoto wanaendelea kuinywa. Nchi peke yake haifanyi kitu, ni kweli. Ilimhitaji Munyigumba aunganishe watu, ilihitaji wazee wa Rungwe wawaachie vijana kijiji. Lakini kila mmoja alichagua kutoka kwenye kile alichopewa na mvua yake.

Maji ya kwetu yanakwenda kwao

Tukiwa njiani kurudi, mwenzangu alikuwa na ramani kwenye simu. Akanionyesha kitu. Mto Ruaha Mkuu, ule wa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, unaanzia wapi? Milima ya Uporoto na Kipengere. Uporoto huohuo unaotukinga sisi kaskazini! Mteremko wa kusini unamwaga maji kwetu, kuelekea Ziwa Nyasa. Mteremko wa kaskazini unayashusha Usangu, yanapumzika kwenye ardhioevu ya Ihefu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanaingia bwawa la Mtera na kisha Kidatu, na mwisho Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Taa ya sebuleni kwako Sinza ina uhusiano na mvua ya Mbeya.

Tatizo ni kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope, kama kule Isimila. Mashamba ya mpunga ya Usangu yanachepusha maji, mifugo iliongezeka, na lawama zikawa zinarushwa kutoka mkulima kwenda kwa mfugaji na kurudi. Mwaka 2006, mwaka wa mgao mkali wa umeme ambao wengi hatujausahau, serikali ilianza kuondoa mifugo Usangu, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mto haujapona. Na wali ule wa Mbarali tunaupenda wote, kwa hiyo hakuna wa kunyooshewa kidole peke yake.

Zamani maji yalikuwa yanaamua, na watu wanafuata. Sahara ikikauka unahamia Naili, bwawa la Isimila likifa unahama. Siku hizi sisi ndio tunaoyaamulia maji pa kwenda. Ila matokeo ni yaleyale, na safari hii hakuna uwanda wa juu zaidi wa kukimbilia. Kitonga tulishaipanda.

Tulipofika Mikumi, tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma, mwenzangu akasema kitu ambacho miezi yote ile hakuna aliyekuwa amekisema: "Hivi pale Kibaha maji yapo?" Tukaangaliana. Tulikuwa tumegombania ukuta na baraza bila kuuliza swali ambalo babu zetu wangeliuliza kabla ya kuweka hata jiwe.

Tumechimba kisima. Kiko nje kidogo ya mstari ambao ukuta utapita, kwa makubaliano, ili jirani akiishiwa maji achote bila kupiga hodi. Huo ukuta wenyewe bado tunaujadili. Lakini siku hizi hakuna anayekata simu.

Ukitaka kwenda na wewe

Tenga siku 5 hadi 7. Iringa kaa angalau siku mbili: Isimila asubuhi, Kalenga mchana, jioni panda jiwe la Gangilonga, "jiwe linaloongea", mlitazame jua likizama juu ya mji. Ukiwa Rungwe, nenda Ngozi na kiongozi mwenyeji na viatu vinavyoshika, njia ina utelezi. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira halichoshi kutazama. Mkiwa na siku ya ziada na mkaangukia kati ya Desemba na Aprili, pandeni Kitulo mkaone maua. Wasiopenda basi, uwanja wa ndege wa Songwe uko karibu na Mbeya, ila mtaikosa Kitonga, na Kitonga ndiyo nusu ya somo.

Beba jaketi, hata kama Dar unatoka na singlendi. Jifunze "Kamwene" na "Ugonile", milango itafunguka. Na kabla hujamwambia mwenzako "nyie watu wa kwenu ndio mlivyo", muulize kwanza kwao maji walikuwa wanachota wapi.